Kijiko Kando ya Sahani

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Begi nalo limefika, ila ule mkanda ulioufunga kwa waya ulikatika nikiwa mlangoni, nguo zikamwagika mbele ya Bosi. Ndivyo tulivyofahamiana.

Najua ungependa nipige simu. Lakini unanijua. Nikishika simu nakauka, naishia kusema "ndiyo" na "sawa" huku nikikusikiliza ukipumua. Kwenye karatasi maneno yanakuja yenyewe. Basi tuandikiane, na ile simu niliyokuachia iwe ya picha tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Bosi ni mwanamke mrefu anayepiga picha za vyakula vya mahoteli, zile za kwenye menyu zinazomfanya mtu aagize hata kama hana njaa. Studio ni chumba kimoja chenye meza, dirisha kubwa na mapazia meupe. Mimi nafuta sahani, nashika ubao mweupe unaorudisha mwanga, na nanyamaza. Hilo la mwisho nimelifaulu siku ya kwanza. Bosi anasema hajawahi kupata mwanafunzi anayelijua somo kabla ya kufundishwa.

Nimeshangaa mengi. Ulijua kwamba wali wa kwenye picha hupakwa mafuta kwa brashi, kama kiatu? Ulijua kwamba samaki hukaangwa upande mmoja tu, ule utakaoonekana? Upande wa chini ni mbichi kabisa. Nikauliza (niliuliza, Baba, kwa sauti!) nani atakula samaki wa namna hiyo. Bosi akacheka: "Cha picha hakiliwi, binti."

Sasa yale tuliyokubaliana na Nesi. Kila mlo, kabla hujaugusa, piga picha. Nusu ya sahani mboga, robo maharage au samaki au yai, robo iliyobaki wali au viazi. Mtumie Nesi pale kliniki, nami unitumie. Nesi alisema watu wanasahau walichokula jana, picha haisahau. Mimi sina utaalamu wa Nesi. Nataka kuona tu unakula nini nisipokuwepo.

Na nirudie nililolisema stendi, maana nililisema chini chini na basi lilikuwa linanguruma. Sukari isiposhuka hadi kufikia katikati ya mwaka, narudi nyumbani kukupikia. Nafasi hii ataichukua msichana mwingine, haidhuru. Wewe ni fundi saa. Macho yakiharibika, utashika nini?

Ni mimi,
Kelele wako


16 Machi

Kelele mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kibarazani, mbele ya Kinyozi, na ilipofika kwa samaki mwenye upande mmoja akaacha kichwa cha mteja kimenyolewa nusu ili asikilize. Mteja naye hakulalamika, alitaka kujua mwisho.

Kinyozi anakusalimu. Anasema tangu uondoke nyumba imekuwa kimya. Nikamwambia kimya kilikuwepo tangu zamani, ila zamani kilikuwa kinatupikia.

Picha nimeanza. Kila sahani naiwekea saa kando, ile ya marehemu mama yako, ili Nesi ajue mlo ni wa wakati gani. Asubuhi saa moja, mchana saa saba, jioni saa moja, kama alivyopanga mwenyewe. Zote tatu nazituma pamoja usiku, bando linakuwa rahisi.

Tatizo ni picha za jioni. Taa ya jikoni inageuza kila kitu rangi ya tope. Ile ya kwanza Nesi aliijibu hivi: "Mzee, hii nyekundu ni maharage au kutu?" Kinyozi akasema, "Angalau angeuliza ni skrubu za saa gani." Tangu hapo hanipi nafasi. Akinikuta nimeinama na simu juu ya sahani ananiuliza, "Vipi, unaitafutia mchumba?"

Wewe uko kwenye chanzo cha ufundi huu. Niambie nifanyeje isionekane kama matope. Sipendi kutoa kazi mbaya, unanijua.

Macho ni mazima. Jioni yanaweka ukungu kidogo, nadhani ni vumbi la saa kuukuu.

Baba yako,
Fundi


25 Machi

Baba,

Shikamoo, na umsalimie Baba mdogo Kinyozi. Mwambie amalize vichwa vya watu.

Nimefurahi sana kuulizwa. Sijawahi kuulizwa kitu na mtu aliyekuwa anakijua kidogo kuliko mimi. Nimemwuliza Bosi na mengine nimeyaona mwenyewe.

Kwanza, tumia sahani nyeupe, ile pana yenye ukingo wa bluu. Mboga ziwe karibu na kamera na zisipikwe hadi zikakata tamaa. Usirundike. Kijiko kiwe upande wa kulia, kinyooke. Futa ukingo. Na mwanga, Baba, mwanga ndio kila kitu. Jaribu taa yako nyeupe ya kazini. Lakini nikwambie ukweli, hakuna taa inayoufikia mwanga wa asubuhi wa dirishani, pale ulipoweka meza yako ya kazi. Bosi angeulipia mwanga ule.

Chakula kikipendeza, nadhani hata kula mtu atakula polepole. Nikiwa shuleni nilikuwa nakula nimeinama ili nisionekane, na sikuwahi kujua nakula nini. Sasa nashinda nikiangalia nyanya moja. Ulishawahi kuangalia ndani ya nyanya? Ina vyumba.

Kelele


20 Aprili

Kelele mwanangu,

Huwezi kuamini. Zile picha nilizopiga kwa maelekezo yako, Nesi amezichapisha kwenye karatasi kubwa na kuzibandika ukutani kliniki, juu ya benchi la kusubiria. Mlo wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, na saa ya mama yako inang'aa kando. Watu wananiita Mzee Sahani. Juzi mama mmoja amenishika mkono akaniuliza mboga zangu nazifanya nini hadi zinabaki kijani vile. Nikajibu kama mtu aliyezaliwa jikoni.

Kinyozi amepungua, ungemwona usingemjua. Suruali inamtoka, mkanda ametoboa tundu jipya. Anasema mboga ni kitu kizuri, alikuwa amedanganywa maisha yake yote. Wateja wanamwuliza siri.

Nesi anasema kuhusu sukari tuvute subira. Basi tunaivuta.

Usishangae herufi zimenenepa. Kalamu ni mpya, inamwaga wino.

Usifikirie kurudi. Ukuta mzima wa kliniki ni kazi yako.

Baba,
ambaye sasa ni Mzee Sahani


9 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara kadhaa. Ukiona swali limekaa vibaya, jua mwenye swali ana hofu, si kwamba hana adabu.

Wiki hii Bosi amenifundisha kusoma vijiko. Kijiko kina mgongo, na mgongo wake ni kama kioo. Ukikikuza kwenye picha unaona chumba kizima kimejikunja humo: taa iko wapi, dirisha liko wapi, mpiga picha amesimamaje. Alinipa picha za watu wengine, nikawa nataja: hapa palikuwa na taa mbili, hapa pazia, huyu amevaa shati la mistari. Nilipenda mno. Kumbe kwenye kila picha kuna picha nyingine ambayo mtu hakukusudia kuipiga.

Halafu nikafungua zako. Sikuwa natafuta kosa. Nilikuwa nakukumbuka tu.

Nikakuza kijiko cha mlo wa jioni, wa tarehe tano. Saa ya Mama inasema saa moja. Ndani ya kijiko kuna dirisha lako la kazini, na nondo zake zote nimezihesabu, na nyuma ya nondo kuna jua. Nikafungua jioni nyingine, na nyingine. Kila jioni yako ina jua la asubuhi.

Mimi nilidhani ni taa yako nyeupe.

Na kuna kitu kingine ndani ya kijiko. Upo wewe. Umeinama, na simu umeishika karibu na uso hivi, kama mtu anayeinusa. Zamani ulikuwa unanyoosha mkono mzima ukisoma hata gazeti.

Kwa hiyo nauliza. Ile sahani ya jioni unaila lini? Usipoila, anaila nani? Na jioni, jioni ya kweli, unakula nini?

Sijamwambia Nesi.

Kelele


24 Mei

Kwa binti yangu Kelele,

Mimi ni kinyozi, si mwandishi. Ukiona mstari umepinda, jua mkono huu umezoea vichwa.

Baba yako amenikataza kukuandikia, ndiyo maana nakuandikia. Barua yako ilifika. Hakunisomea kibarazani kama zile nyingine. Aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaenda ndani. Tangu siku hiyo hapigi picha hata ya chai.

Uliuliza nani anakula. Binti yangu, ni mimi. Naapa sikujua nakula dawa ya mtu. Baba yako anapika asubuhi, anapanga, anapiga picha, anafunika. Mimi nakuja kufungua kibanda nakuta sahani imependeza. Namwuliza, "Hii ya nani?" Ananiambia, "Kula tu, mimi nimeshakunywa chai, itapoa." Nikala. Kesho yake tena. Nilidhani wewe umemfundisha ukarimu. Tundu la mkanda wangu ni la baba yako kwa haki kabisa.

Jioni anakula nini sikujua, mimi nafunga mapema. Juzi nilichelewa makusudi. Ni chai na mkate, mkate mwingi, na kile kijiko chako cha picha kinazunguka kwenye kikombe cha sukari kama mshale wa sekunde.

Lingine ni hili. Mteja alileta saa ndogo ya kike. Baba yako akaangusha skrubu. Tukaitafuta sakafuni mimi na yeye, mimi nikaiona, nikaiacha nione kama ataiona. Ilikuwa mbele ya kidole chake. Akamrudishia mteja saa, akasema hana vifaa.

Sasa fanya unavyoona. Usiseme nimesema.

Baba yako mdogo,
Kinyozi


30 Mei

Baba,

Shikamoo.

Begi nimelifungasha. Liko chini ya kitanda, na mkanda nimeufunga vizuri kuliko wewe. Lakini kabla sijapanda basi nimefanya jambo moja ambalo hutaliamini. Nimepiga simu. Nimempigia Nesi.

Nilisimama nyuma ya studio, karibu na mapipa, nikafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza hadi paka wa jirani akaondoka. Nesi alipopokea, sentensi yote ikapotea. Nikasema, "Ni Kelele." Akauliza, "Kelele gani?" Nikasema, "Wa Mzee Sahani." Kisha nikaanza kuongea, Baba, na sikunyamaza.

Hakukukasirikia. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama macho yako yanaona vizuri. Anasema sukari ikikaa juu, macho yanaweza kuweka ukungu, na ikishuka vizuri ukungu huo mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa. Lakini hupaswi kukisia. Daktari wa macho ayaangalie yote mawili, ndani kabisa. Siku ya kwenda Nesi ameshaipanga, na Kinyozi atakupeleka. Tayari ameshaambiwa, usimlaumu.

Nimewaza sana kuhusu ile mistari yangu ya Machi. Nilikuandikia sahani, ukingo, kijiko, mwanga wa asubuhi. Hakuna mahali nilipoandika "kisha ukae ule". Nilikufundisha kazi ya studio, wewe ukaifanya kwa uaminifu kama unavyofanya kila kazi. Na cha picha hakiliwi. Niliambiwa siku ya kwanza, nikaona ni kichekesho.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Nitumie picha mbaya. Jioni ya kweli, chini ya taa ile ile ya matope, chakula chochote utakachokuwa unakula dakika ile. Kama ni mkate, nitumie mkate. Usifute ukingo. Nikiona picha hiyo nitajua niko na wewe mezani. Nisipoiona, nitakuja kuketi mezani mwenyewe.

Kelele


17 Juni

Kelele mwanangu,

Barua hii anaandika Kinyozi, mimi nasema. Akiongeza maneno yake utayajua kwa upumbavu wake. (Sijaongeza. Kinyozi.)

Kwanza, saa ya mama yako haikusema uongo. Sikugusa mshale. Tangu nianze ufundi sijawahi kuilazimisha saa iseme wakati ambao si wake. Ilikuwa saa moja kweli. Mimi ndiye niliyenyamaza ni saa moja ipi.

Ilianza hivi tu. Nilitaka picha moja nzuri. Nikapika cha jioni asubuhi, nikapiga picha dirishani, nikasema nitakila jioni. Kinyozi akakiona. (Nilikuwa na njaa.) Baadaye zikabandikwa ukutani. Mtu akishakuwa ukutani hawezi tena kupeleka matope. Na jioni, mwanangu, jikoni sioni vizuri, naogopa moto. Mkate hauhitaji moto. Na chai bila sukari, mtu akiwa peke yake mezani, ni maji ya moto tu. Nikawa najiambia wiki ijayo. Nikikwambia utarudi, na nilikuwa nimeshawasimulia watu wote kuwa binti yangu anashika mwanga kwa mikono.

Macho yameangaliwa. Daktari anasema nyuma ya jicho bado pazima, ila ningeendelea asingeahidi. Nesi amebadilisha vidonge na amenipangia upya.

Picha uliyoomba naituma. Iliondoka jana jioni kwa Nesi pia. Leo nimeenda kliniki nikazibandua zile nyingine kwa mkono wangu, nikabandika hiyo. Mkate ulioumwa, kikombe, kidole changu kimeziba kona. Benchi zima likacheka. Halafu yule mama wa mboga za kijani akafungua simu yake, akasema, "Kama ni hivyo, mimi ninayo ya viazi vya kukaanga." Mzee mmoja akatoa ya soda. Nesi akavuta kiti, akakaa katikati yao, na foleni ikasimama. Nimemsikia akisema miezi yote hii alikuwa anatibu sahani ambazo hakuna mgonjwa aliyezila.

Sasa tunapika jioni, mimi na Kinyozi. Yeye anaangalia moto, mimi nakatakata. Anakula sahani yake. (Inauma, lakini nakula yangu.)

Begi lako usilifungue kwa sababu ya maneno. Subiri picha.

Baba


3 Agosti

Kelele mwanangu,

Nimeandika mwenyewe. Angalia herufi. Kalamu ni ile ile.

Sukari imeshuka. Haijafika anakotaka Nesi, lakini safari hii hakuniambia nivute subira, alinionyesha namba na mimi nikaisoma bila kuisogeza puani.

Yule mwenye saa ndogo ya kike amerudi. Nilimwambia vifaa vimepatikana. Skrubu imeingia mara ya pili. Mara ya kwanza Kinyozi alinichekesha.

Picha ya jana jioni naituma. Ni mbaya.

Baba,
fundi saa


12 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Picha yako nimemwonyesha Bosi. Niliogopa, kwa sababu taa ni ya matope kweli, sahani imechafuka, umepiga mkiwa mmeshaanza na robo ya wali ina shimo. Aliishika muda mrefu. Nilidhani ataniambia makosa yake, nami nilikuwa nimeyapanga kichwani ili niwahi kuyataja mwenyewe. Alisema tu, "Hii ililiwa." Kisha akaniuliza kama ningependa kushika kamera wiki ijayo, yeye ashike ubao. Nikasema ndiyo. Halafu nikaongeza kwamba samaki wa wiki ijayo akaangwe pande zote mbili, ili tumle baadaye. Alinitazama kana kwamba ubao ndio umeongea. Tumekubaliana.

Nilipobaki peke yangu nilikuza kijiko.

Kimepakwa mchuzi, kwa hiyo naona nusu tu. Kuna balbu ya jikoni. Kuna kichwa cha Baba mdogo, mdomo umejaa, anaiangalia sahani yako kwa tamaa. Na upo wewe, umenyoosha mkono mzima, simu iko mbali na uso, kama zamani ulipokuwa ukisoma gazeti.

Nguo nimezitoa kwenye begi. Zimejikunja sana, leo nashinda nikipiga pasi.

Kelele wako